Namba nyuma ya sahani si bei yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu makala mliyochapa juu ya sahani za mapambo, ile iliyoambatana na picha ya sahani yenye mabata mwitu wakielea ziwani usiku wa mbalamwezi. Mwandishi aliisifu picha hiyo kwa haki, nami sina ugomvi naye hapo. Ninachokipinga ni kauli yake kwamba mwenye sahani ya aina hiyo, yenye namba nyuma na hati ya kuthibitisha uhalisi wake, amejiwekea akiba.

Desturi ya kukusanya sahani za namna hii inahesabiwa kuanzia Denmark mwaka 1895, pale kiwanda cha Bing & Grøndahl kilipotoa sahani ya kwanza ya Krismasi, ya buluu na nyeupe, na baada ya msimu kalibu ikavunjwa ili nyingine zisitengenezwe. Uhaba huo ulikuwa wa kweli. Lakini sahani nyingi za wanyama na ndege zilizouzwa kwa njia ya posta, hasa Marekani, katika miaka ya 1970 na 1980, zilibeba maneno "toleo lenye kikomo" kwa maana tofauti kabisa, kwa kuwa mara nyingi kikomo chenyewe kilihesabiwa kwa siku za kuchoma tanurini, wala si kwa idadi ya sahani, na kiwanda chenye matanuri makubwa huchoma nyingi mno kwa siku moja. Namba ya nyuma basi humweleza mnunuzi sahani yake ni ya ngapi, bila kumwambia zimetoka ngapi kwa jumla. Tena wanunuzi walizihifadhi karibu zote ndani ya maboksi yake wakingoja bei ipande. Kitu kilichotunzwa na kila mtu kitaadimika vipi? Ndiyo maana leo nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko ile ya awali.

Sisemi hivyo kwa kuzidharau. Ninayo moja ukutani, na ninaipenda ingawa mchoraji wake amekosea jambo moja: dume la bata ana kichwa cha kijani kinachong'aa kana kwamba ni adhuhuri, ilhali kwa mwanga wa mwezi jicho la binadamu halitambui rangi vizuri, na kichwa hicho kingeonekana cheusi tu. Njia ya mwanga juu ya maji, hata hivyo, ameipatia: inavunjikavunjika kwenye mawimbi madogo na kumfuata mtazamaji hadi ukingoni, penye mstari wa dhahabu. Kwa ajili ya njia hiyo ningeinunua tena, hata kama isingekuwa na hati.

Makala pia yalisahau tahadhari moja. Rangi zilizopakwa juu ya kauri iliyokwisha kung'arishwa huweza kuwa na metali zenye sumu, yaani risasi au kadimi, kwa hiyo sahani hizi zisipakuliwe chakula.

Namwomba mwandishi, atakaporudi kwenye mada hii, awashauri wasomaji waigeuze sahani kabla ya kulipa, wasome kama kikomo kilichotajwa ni cha idadi au ni cha siku za tanuri.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi