Mbona tenti ya watu 100 barabarani ilikalisha 28 wakati wa korona, na mbona bei ilikuwa juu

Sisi tunakodisha tenti hapa Mombasa, na mwaka 2021 wenye hoteli walitupigia sana na swali lilikuwa lilelile, so bora tuliandike hapa mara moja mtu akiuliza tumtumie asome. Kuna bwana mmoja alikuwa na hoteli ya biriani, amekubaliana na majirani wafunge barabara ya ubavuni Ijumaa hadi Jumapili jioni aweke meza nje kwa sababu ya ile korona, akakodi kwetu tenti ya mia. Tukafunga, meza zikapangwa, akapita akihesabu viti kwa kidole alafu akageuka: "Hii ni ya watu mia ama mmeniletea ya hamsini?" Viti vilikuwa 28. Akakasirika kweli, usiku akaandika kwenye grupu ya wenye hoteli kwamba siku hizi tunakata vitambaa.

Hatukati vitambaa. "Tenti ya mia" ni hesabu ya harusi na matanga, viti vya plastiki safu kwa safu, magoti yako kwenye mgongo wa mwenzako, meza hakuna. Tenti yenyewe ni mita 6 kwa 12, mita 72 za mraba, haijawahi kuwa zaidi wala pungufu. Ukiingiza meza na njia ya weita kupita na sinia, hata kabla ya korona ilikuwa inabeba hamsini, sitini kwa kubanana. Alafu mwisho wa Aprili 2020 serikali ilipokubali mikahawa ifunguliwe tena ilitoa masharti, mita moja na nusu kati ya mtu na mtu, watu wasizidi 4 kwa kila mita 10 za mraba. Chukua 72 gawa kwa 10 zidisha kwa 4. Inakuja 28 na pointi nane, na pointi nane ya mtu hatuna kiti chake.

Kwa hivo siku hizi ukipiga simu ukisema nataka tenti ya mia, kijana wetu atakuuliza unataka meza ngapi. Hakuzungushi, jibu tu.

Sasa bei. Wakati huo uwanjani tenti hio tulikuwa tunaweka kwa elfu 6, barabarani elfu 11, na hapo ndo tuliitwa wezi. Kitambaa ni kilekile, vyuma vilevile, vijana walewale, sawa. Lakini uwanjani kinachoshika tenti si vyuma, ni mchanga. Vijana wanagonga pegi za chuma chini, kamba inavutwa, ardhi inafanya kazi bure. Lami haipigwi pegi. Tenti ikikaa juu ya lami imekaa tu, upepo ukiingia chini inakuwa tanga la jahazi, na hapa Mombasa hatuna upepo wa kubahatisha, kusi ikishashika mwezi wa sita na wa saba kila jioni unausikia wenyewe. Na nguvu ya upepo haipandi pole pole, kasi ikiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne, so ile tenti iliyotulia saa kumi jioni usidhani saa mbili usiku itakuwa vilevile.

Kwa hivo lazima tuilete ile ardhi na lori. Tenti ya mita 6 kwa 12 ina miguu 10. Kona nne tunaweka pipa la lita 200 kila moja, likijaa maji ni kilo 200. Miguu sita iliyobaki kila mmoja tunaufunga matofali mawili ya zege, haya tunayatengeneza wenyewe, tunajaza zege kwenye ndoo za rangi za lita 20 na ndoano ya chuma katikati, likikauka ni kilo arubaini na tano na kitu, wanaume wawili wanalibeba wakilalamika. Jumlisha, imepita tani moja na robo. Ndo unaona lori letu la kanta linakuja mara mbili. Na yale maji ya mapipa, lita 800, hayateremki na tenti, yananunuliwa palepale, mitungi 40 ya lita 20 inayoletwa na mkokoteni, na bei ya mtungi mnaijua inavofanya mfereji ukikatika. Siku ya kushusha majirani wanakuja na ndoo wanayateka, hio hatutozi mtu, hata inatusaidia manake kumwaga lita 800 mbele ya mlango wa hoteli ni kutafuta ugomvi.

Elfu 5 za juu zimeishia huko. Kitambaa hakikupanda bei hata shilingi.

Kuna wanaotaka kuokoa hizo elfu 5, na wengi njia yao ya kwanza ni mitungi. "Mimi nina mitungi yangu ya maji ishirini jikoni, funga mmoja kila mguu." Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, mara miguu 10 ni kilo 200, yaani tenti nzima umeipa uzito wa pipa moja. Mtoto akiutikisa mtungi unatembea. Dada mmoja wa Tudor alituambia mitungi yatosha, tukakataa kazi, akapata watu wengine wakamfungia kwa bei yake. Baada ya wiki akatutumia picha, tenti imepanda juu ya kibanda cha kinyozi upande wa pili, mitungi inaning'inia kama hereni. Hakuna aliyeumia alhamdulillahi, wateja walikuwa hawajafika. Lakini kibanda alilipa, mabati na kioo.

Wengine wanang'oa kabro, yale matofali yanayopangwa barabarani. Hii inatuuma zaidi kwa sababu inaonekana ya akili, barabara imewekwa kabro si lami, so toa moja, gonga pegi kwenye mchanga wa chini, ukimaliza rudisha. Kabro ikishang'olewa hairudi ilivokuwa, zile za pembeni zinalegea, gari ikipita zinacheza, mvua ikinyesha mchanga unaondoka na baada ya mwezi una shimo na askari wa kaunti mlangoni. Na chini ya ule mchanga kuna mabomba. Kuna mzee alipiga pegi Ijumaa mchana akapata bomba la mtaa, maji yakaruka, nyumba zote zile zikakaa bila maji wikendi nzima. Fundi wa bomba alikuwa rahisi kulipa. Shida ni wale majirani ndo waliokuwa wamemruhusu kufunga barabara, na Jumatatu walikuwa hawamruhusu tena, hoteli ikarudi ndani na meza zake sita.

Alafu kuna kufunga kamba popote penye kitu cha kusimama. Mlingoti wa stima hatufungi, hata ukituonyesha kwamba harusi ya jana walifunga. Grili za dirisha la jirani hatufungi. Na gari, jamani. Tulimaliza kazi moja vizuri kabisa, mapipa yote yamejaa, tukaondoka, vijana wa hoteli wakaona waongeze nguvu kidogo, wakafunga kamba moja kwenye Probox ya jirani iliyopaki pale. Mwenye Probox ni mtu wa soko la Kongowea, anaondoka alfajiri gizagiza. Akawasha, akaweka gia, akaenda. Mguu wa kona ukapinda, bomba la juu likakatika kwenye jointi, pipa likalala na maji yakaingia jikoni. Tulipoandika bili ya vyuma mwenye hoteli akasema tenti yetu ni dhaifu. Tenti ilivutwa na Probox bwana.

Halafu picha za New York. Kila mtu ana mpwa ama shemeji huko na ametumiwa picha, meza katikati ya barabara, taa za kamba, watu wanacheka, na chini imeandikwa "fanyeni hivi". Ni picha nzuri, hatubishi. New York walianza tarehe 22 Juni 2020, mikahawa ilikuwa imefungwa ndani, jiji likaruhusu meza kwenye maegesho mbele ya mlango, na Julai likaanza kufunga barabara nzima wikendi, kwa mfano Arthur Avenue kule Bronx, mtaa wa Wataliano. London nao wakafunga vichochoro vya Soho jioni kuanzia saa kumi na moja mpaka saa tano usiku. Lakini angalia ile picha vizuri. Yale maboksi ya maua ukingoni mwa meza si mapambo, kwa meza zilizokaa kwenye maegesho ilikuwa sharti la jiji, upana kama sentimita 45 na ndani yamejazwa udongo ama mchanga, ili gari likipoteza njia ligonge mchanga kabla halijagonga mtu anakula. Ni uzito uleule tunaokutoza sisi, wao wameupanda maua juu.

Na katikati ya barabara iliyofungwa walitakiwa waache njia ya futi 15, mita 4 na nusu hivi, tupu, hakuna meza hakuna kamba, ya zimamoto na ambulansi. Karibu na bomba la zimamoto hukai. Sisi kanuni hii tumeichukua tukaifanya yetu hata pale ambapo hakuna aliyetuuliza, manake moto hauulizi kibali. Ndo maana barabara ikiwa nyembamba, tuseme mita 8, hatuleti tenti ya mita 6 hata ukilipa mara mbili. Tunakuletea zile za mita 3, tunazipanga upande mmoja mfululizo, upande wa pili unabaki mita 5 wazi. Old Town vichochoro vingine hata hizo haziingii, hapo ni miavuli na vikalio vyake vya zege, na saa zingine tunamwambia mteja ukweli kwamba hapa hapafungiki na nauli ya kuja kupima tunaimeza wenyewe.

Kuna hili la kuzungushia kitambaa pembeni. Jioni kijimvua kikianza weita anakuja mbio, "teremsheni kuta zote nne." Hatuteremshi nne. Kwanza umefunga barabara ili watu wapate hewa, ukizungusha kuta umejenga chumba, na chumba cha nailoni kibaya kuliko kile ulichokikimbia ndani. Huko New York tenti isiyo na angalau pande mbili wazi ilihesabiwa ni ndani, na ndani kulikuwa asilimia 25 tu ya watu. Pili, ukuta upande wa upepo unaukusanya wote chini ya paa na mzigo kwenye mapipa unapanda ghafla. Tunateremsha mbili, upande wa mvua na mmoja wa ubavu, basi. Mteja mmoja alizifunga zote mwenyewe kwa waya tulivyoondoka, asubuhi tukakuta paa limejaa maji katikati, limelegea mpaka linagusa meza, na tundu la waya kila mahali kwenye kitambaa. Vile vitundu havizibiki, ukuta mzima unabadilishwa, na diposti yake ndo ilienda hapo.

Mwaka 2021 kafyu pia ilikuwa kwenye bei na watu walikuwa wanaisahau. Saa nne usiku kila mtu alitakiwa awe ndani, sawa, lakini mteja wako wa mwisho akimaliza saa tatu na nusu vijana wetu wangeshushaje tani moja na robo, wakapakia, wakafika Likoni? Wasingeweza. So ama wateja wako waliinuka saa mbili, ama tenti ililala pale na vijana wawili wakalala nayo mpaka kafyu iishe saa kumi alfajiri, na hao walilipwa usiku na walikula chakula chako. Ukitaka kufungua barabara kila asubuhi na kufunga tena jioni, hio ni kazi nyingine na ni bei nyingine, usishangae. Wengi tunawashauri wachukue miavuli na meza za kukunja, haipendezi kama tenti lakini barabara inafunguliwa kwa nusu saa na magari ya watu yanapita.

Kibali ni chako. Tunakwambia uanzie wapi, kaunti, polisi, na mzee wa mtaa asije akasikia kwa watu, lakini hatukuombei na hatufungi bila kukiona. Kuna mtu alitwambia "kibali kiko njiani" mpaka askari wakafika kabla yake, tukashusha mbele ya wateja wakiwa na sahani mkononi, na bado tulitoza kazi nzima kwa sababu kazi nzima ilifanyika.

Ukitaka tuje, tuma kwa watsapu picha ya barabara kutoka pande zote mbili, upana wake umepimwa kwa futi kamba na si kwa hatua za mtu, kama ni lami ama kabro, waya za stima ziko wapi, na idadi ya meza. Kupima ni bure ndani ya kisiwa, Nyali na Likoni kuna nauli. Nusu inalipwa siku ya oda, nusu kabla pipa la kwanza halijajazwa.