Barua kwa Mhariri: Tupeni ukurasa mmoja wa gemu ya kulipiza kisasi kwa bosi

Ndugu Mhariri,

Naomba ukurasa wa vijana wa gazeti lako utenge nafasi, walau toleo moja, uchapishe gemu fupi ya maandishi: hadithi ambayo msomaji mwenyewe ndiye mhusika mkuu, na kila anapomaliza aya anachagua la kufanya kisha anaruka kwenda aya nyingine yenye namba. Mada ninayoipendekeza ni mfanyakazi aliyefukuzwa anayetaka kulipiza kisasi kwa bosi wake. Haihitaji simu ya bei mbaya wala bando. Inahitaji penseli tu.

Gemu za namna hii zina umri. Mmarekani Will Crowther alitengeneza ile ya mapangoni katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford akaipanua. Mchezaji alikuwa anachapa amri za neno moja au mawili, kompyuta inamjibu. Kwa Kiswahili njia hiyo ya kuchapa ina mtego. Mmoja ataandika "chukua barua", mwingine "ichukue", na programu lazima ijue kwamba "ichukue" ni barua, "lichukue" ni jalada na "uchukue" ni ufunguo. Halafu "fungua" na "funga" zinapishana kwa herufi moja: kidole kikiteleza, droo uliyotaka kuipekua unaifunga. Kwa hiyo anayeanza na aachane na amri za kuchapa, aandike chaguo mbili au tatu chini ya kila aya. Sentensi zote ataziandika kwa mkono wake, na upatanisho wa ngeli hautamsumbua.

Gemu nyingi za kisasi huharibikia kwenye kisasi chenyewe. Mtunzi anaweka chumvi kwenye chai ya bosi, anatoa upepo matairi, anafuta mafaili kwenye kompyuta ya ofisi. Msomaji anacheka mara moja, basi, kwa sababu tendo halikumbukwi popote: ukitoa upepo au usitoe, hadithi inaendelea vilevile. Kitendo lazima kiache alama, na bosi naye awe na akili ya kuitumia. Msomaji akichagua kufuta mafaili katika aya ya 6, apewe utamu wake pale pale, aweke alama kwenye kisanduku kilichoandikwa "Mafaili", kisha katika aya ya 19 bosi aje na karatasi zilizochapwa zinazoonyesha nani aliingia kwenye mfumo na saa ngapi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuingilia au kufuta data za mtu bila idhini ni kosa chini yake. Aliyekuwa mlalamikaji sasa anajitetea.

Kisasi chenye uzito, kwa maoni yangu, ni kumshinda bosi mahali ambapo hawezi kukunyamazisha: mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi tunayoiita CMA. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake zinampa mtunzi saa ya gemu bila yeye kubuni chochote. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufikisha mgogoro wake kwenye Tume. Migogoro mingine ina siku 60. Akichelewa analazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini alichelewa. Nakala ya Fomu Namba 1, ile ya kupelekea mgogoro kwenye Tume, ampatie mwajiri, na awe na uthibitisho kwamba imemfikia. Angalizo kwa mtunzi: aya ya 1 iseme wazi kwamba mhusika amefanya kazi, tuseme, miaka miwili. Aliye kazini chini ya miezi sita hana kinga hiyo ya kuachishwa kazi isivyo halali, na msomaji anayeijua sheria ataitupa gemu yako hapo hapo.

Sasa hesabu ya siku, maana ndiyo mashine yenyewe. Chora duara 30 juu ya ukurasa. Kila kitendo kinafuta kadhaa. Kupata nakala ya mkataba, siku 4. Kupiga picha daftari la mahudhurio, siku 6. Kumshawishi mwenzako awe shahidi, siku 9, kwa kuwa naye ana watoto na anaogopa. Kukusanya hati za mshahara, siku 5. Kumvizia bosi nyumbani kwake ili umtukane mbele ya majirani, siku 5. Kumsubiri apokee fomu kwa mkono, siku 8, kwa sababu kila ukifika unaambiwa yuko kikaoni. Jumla ni 37, na msomaji ana 30. Hata akiacha kwenda kumtukana, bado ni 32. Lakini weka mlango mmoja ambao mwenye kusoma kwa makini atauona: fomu inaweza kutumwa kwa barua iliyosajiliwa, ikachukua siku 3, na stakabadhi ya posta ikawa uthibitisho. Hapo vielelezo vyote vinne vinapatikana kwa siku 27, zikabaki 3 za kuifikisha fomu Tume. Na akirudia tamaa ya kwenda kumtukana, anafika siku ya 32. Hasira imemgharimu kesi, na hakuna aliyemhubiria.

Fumbo moja la hesabu linatosha. Mshahara 390,000 kwa mwezi, saa 45 kwa wiki, na saa 20 za ziada ambazo hazikulipwa. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 mara saa za wiki, yaani kama 195, unapata 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani 3,000. Jibu ni 60,000. Mpe msomaji achague kati ya 40,000, 60,000 na 80,000. 40,000 iwekwe makusudi kwa anayesahau ile nusu. Sheria za kazi hurekebishwa, kwa hiyo kabla ya kuchapa, namba hizi zilinganishwe na toleo linalotumika siku hiyo.

Aya yenyewe isizidi maneno 60 hivi. Mfano:

"7. Mzee Saidi wa getini anakutazama kwa huruma. 'Mwanangu, leo siwezi, yupo ndani. Rudi Jumatano, zamu itakuwa yangu. Daftari litakuwa hapa mezani na mimi nitakuwa nimekwenda kuswali.' Ukirudi Jumatano, futa siku 6, weka alama kwenye Daftari, nenda 15. Ukilazimisha kuingia sasa hivi, nenda 3."

Bosi pia apewe utu. Asiwe jitu la kupiga kelele tangu aya ya 1 hadi mwisho. Awe na deni benki, awe na mkwe aliyemwahidi ile nafasi yako. Kwenye usuluhishi akunjue uso, aseme, "Yaishe, ndugu yangu. Mishahara miwili, leo hii." Msomaji akikubali, hiyo ni tamati halali, na iandikwe kwa heshima ile ile kama ya aliyekataa na kwenda kwenye hatua ya uamuzi.

Kuna hatari ya matawi kuzaana. Ukimpa msomaji chaguo mbili mara kumi bila njia kukutana tena, una tamati 1,024. Dawa yake ni kuachanisha njia kisha kuzikutanisha: njia tatu za wiki ya kwanza zote zirudi kwenye aya ya posta, na tofauti ibaki kwenye visanduku alivyoweka alama. Kwa mpango huo aya 24 za maneno 60 ni maneno 1,440, na tamati tano zinaenea humo bila msongamano.

Kabla ya kuchapa, gemu ijaribiwe kwenye kompyuta. Programu ya Twine, aliyoitoa Chris Klimas mwaka 2009, ni ya bure: kila aya inakuwa kisanduku, na jina la aya ukiliweka ndani ya mabano mraba mawili kila upande, linakuwa njia ya kwenda huko. Njia isiyofika popote inaonekana kwenye ramani. Mambo mawili huwaumiza wanaoanza. La kwanza, ukiitumia ndani ya kivinjari, kazi yako inakaa humo humo. Ukisafisha data za kivinjari, imekwenda. Hifadhi nakala kama faili kila siku. La pili, ukitumia SugarCube, mmoja wa mitindo ya hadithi ya Twine, bila kuipa Siku (hesabu ya siku zilizobaki) thamani ya kuanzia kwenye kisanduku maalumu kiitwacho StoryInit, hesabu inatoa NaN, yaani "si namba", badala ya namba.

Baada ya hapo aya zichanganywe namba, zisifuatane na mtiririko wa hadithi. Tengeneza jedwali la safu mbili, "kutoka" na "kwenda". Kila namba isipokuwa 1 lazima itokee walau mara moja kwenye safu ya pili, na aya isiyo na "nenda" lazima iwe tamati. Ushindi usiwekwe aya ya 24. Wasomaji wengi hukimbilia ya mwisho kuona jibu. Uwekwe katikati, tuseme 13, kati ya aya mbili zisizohusiana nayo.

Ombi langu la mwisho ni kwa meza ya uhariri na wapanga kurasa. Aya isikatwe ikaendelea ukurasa mwingine, na duara za siku ziwe kubwa kiasi cha penseli kufuta. Namba zisipangwe upya ili zipendeze. Nafasi ikibana, maneno yapunguzwe ndani ya aya. Mkiondoa aya nzima, njia zote zilizokuwa zikipita hapo zinakufa, na msomaji atakayetumwa kwenye namba isiyokuwepo hatajua kosa ni la nani.

Wako katika ujenzi wa fasihi yetu,
Mtunzi wa gemu za maandishi,
Morogoro