Pedali za gitaa hazimfichi asiyejua kupiga

Ndugu Mhariri,

Makala ya Jumamosi iliyopita katika kurasa zenu za burudani, ile ya tamasha la vijana wa roki, imeniudhi, na naomba nafasi niijibu. Mwandishi anadai kwamba mpiga gitaa wa roki akinyang'anywa pedali, vile visanduku vya kubadilisha sauti anavyovikanyaga jukwaani, atabaki hana kitu. Kisha anawashauri wazazi wasiwanunulie watoto wao. Mimi ni mpiga solo, na kazi inayonilisha ni kutengeneza amplifaya, spika na pedali hapa Ngamiani. Hivyo visanduku navifungua na kuvilehemu kila wiki. Hakuna hata kimoja kinachopiga gitaa.

Tumchukue mtu ambaye sidhani kama mwandishi atathubutu kumwita mbabaishaji: Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani. Alipopiga kwenye tamasha la Woodstock asubuhi ya Agosti 18, 1969, miguuni mwake palikuwa na pedali ya wah-wah, Fuzz Face na Uni-Vibe. Tuanze na Fuzz Face, maana ndiyo inayolaumiwa zaidi kwa makelele. Iliingia sokoni London mwaka 1966, kazi ya kampuni ya Arbiter, na ni ya duara kama kitako cha stendi ya maikrofoni. Ukiigeuza na kufungua skrubu unakuta transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na betri ya volti 9. Basi. Kazi yake ni kuisukuma sauti ya gitaa mpaka ikose pa kupanda, vilele vya mawimbi vikatike, na kamba itoe ule mkwaruzo mnene unaochelewa kufa.

Mwandishi anaona hapo ndipo asiyejua anapojifichia. Aje ajaribu! Fazi, yaani pedali ya mkwaruzo kama hiyo, inakuza kila kitu, pamoja na usichokitaka. Ukipiga kamba ya pili huku ya tano umeiacha ikitikisika, hiyo ya tano inanguruma. Kidole kikiteleza kwenye kamba, ukumbi mzima unasikia. Ndiyo maana kiganja cha mkono wa kulia hakipumziki, kinazima kamba zisizohitajika huku vidole vikiendelea na kazi yao. Halafu kuna volyumu ya gitaa lenyewe. Fuzz Face iliyotengenezwa vizuri, ukiirudisha nyuma kidogo hiyo volyumu kwa kidole cha mwisho, mkwaruzo wote unaondoka na kamba zinalia safi kabisa, bila mguu kugusa chochote. Ukiipandisha, moto unarudi. Hendrix alifanya hivyo katikati ya wimbo, akiendelea kupiga. Huo ni ufundi wa mkono, na unachukua muda mrefu kuujua.

Wah-wah ilipatikana Marekani mwaka huohuo wa 1966, katika kampuni ya Thomas Organ, wakati mhandisi Brad Plunkett akishughulikia saketi ya amplifaya za Vox. Waliona kwamba ukizungusha potenshomita, kidude cha kuzungusha kama kile cha volyumu, sauti inafunguka na kufumba kama mdomo wa mtu, wakaitia kwenye pedali ya volyumu ya kinanda. Mguu unatakiwa ufuate mdundo, au uende kinyume chake kwa makusudi. Mguu usiojua mdundo unajulikana papo hapo.

Uni-Vibe ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ilibuniwa Japani na Fumio Mieda na kutengenezwa na kampuni ya Shin-ei. Ndani yake mna kibalbu kidogo kinachowaka na kufifia, na kukizunguka mna vipande vinne vinavyohisi mwanga. Kila mwanga unavyopanda na kushuka, vipande hivyo vinabadilisha njia ya sauti, nayo inaanza kuzunguka na kuyumba. Nikitengeneza kifaa cha aina hiyo huwa naacha kifuniko wazi kwa muda na kuzima taa ya meza, nitazame kile kibalbu kinavyopumua huku gitaa likilia. Mtu aliyebuni kitu kama hicho anastahili kutajwa kwa jina kwenye gazeti, sawa na anayekipiga.

Kuna jambo moja nakubaliana na mwandishi: sauti ya tamasha lile ilikuwa mbaya. Nilikuwepo. Ila chanzo chake sicho anachokisema. Vijana walipewa adapta moja wakaambiwa wafungie pedali zote, na mivumo ikaanza kabla hata wimbo wa kwanza. Pedali za mwangwi za kidijitali zinaingiza kelele zake kwenye umeme, na fazi iliyo kwenye waya huohuo inazikuza. Mbaya zaidi, fazi za zamani zenye transista za aina iitwayo PNP umeme wake umegeuzwa, upande wa chanya ndio unaoshikana na bati la kisanduku. Ziunganishe na pedali za kawaida kwenye adapta moja na umepiga shoti. Hizo zinataka betri yake, au adapta yenye matundu yaliyotenganishwa.

Na joto letu lina neno. Transista za germaniamu, zilizotumika kwenye Fuzz Face za mwanzo, zinabadilika tabia kadiri joto linavyopanda. Pedali iliyolia vizuri alfajiri, saa nane mchana juani hapa pwani inaweza kukohoa na kukatakata. Kwa anayepiga nje mchana mimi namshauri achukue yenye transista za silikoni, japo sauti yake ni kali zaidi. Mpiga gitaa anayeyajua haya na kuyapangia kabla ya kupanda jukwaani hawezi kuitwa mtu wa kujificha.

Wala tusiseme roki ni jambo la kuja jana. Dar es Salaam ilikuwa na bendi ya Sunburst, waliotoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976, na ng'ambo ya mpaka Wazambia walikuwa na bendi ya WITCH, na mwanamuziki Paul Ngozi ambaye gitaa lake lilijaa fazi hasa. Wapiga solo wetu wa dansi nao wanautumia mwangwi miaka na miaka, na sijasikia mtu akiwaambia wauache.

Ombi langu ni kwamba mwandishi wenu, kabla ya kulihukumu tamasha lingine, aende mchana wakati wa kupima sauti, akae karibu na mpiga solo, atazame mguu na mkono kwa pamoja. Baada ya hapo akiandika kwamba kijana fulani hajui kupiga, mimi nitamsoma kwa heshima zote. Na ule ushauri kwa wazazi naomba gazeti liufute.

Mpiga gitaa na fundi wa vyombo vya muziki,
Ngamiani, Tanga