Barafu ya mtaa haitokei usiku mmoja

Mhariri,

Nalisoma gazeti hili miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mara moja, ila ile ripoti yenu ya uwanja wa barafu wa mtaa imenishinda. Eti kazi rahisi, mbao nne, turubai, fungulia maji, asubuhi watoto wanateleza. Aliyewaambia hivyo hajawahi kusimama na mpira wa maji usiku wa baridi mpaka glavu zikamgandia mkononi.

Mimi nimesimama, misimu sita sasa, na ule wa kwanza tulifanya hivyohivyo mlivyoandika. Kiwanja tulikiona kwa macho tu kiko sawa, hakuna aliyeleta pimamaji, kumbe upande wa chini umeshuka karibu sentimita 20. Maji yakakimbilia huko mpaka mbao zikaanza kuachana, huku juu turubai kavu. Tukaongeza mengine tukaenda kulala na furaha zetu. Asubuhi pako laini panang'aa, binti yangu wa miaka saba akawahi kuingia, hatua ya tatu tu ganda likapasuka, mguu ukazama mpaka kwenye goti, kumbe kilichoganda ni kipande chembamba kama kioo cha dirisha na chini yote bado maji. Nilimbeba mbio, na kabla sijafika mlangoni soksi yake ilishakuwa ngumu kama ubao. Ule mlio wa barafu kupasuka mpaka leo naukumbuka.

Ndo maana nimekasirika, kwa sababu kuna mtu atasoma ripoti yenu na atafanya kosa lilelile na mtoto wake! Ukiwa na turubai unaweza kujaza kwa mkupuo, sawa, ila hakuna kukanyaga mpaka pagande sentimita 8 hadi 10, na hiyo inataka siku kadhaa za baridi kali. Sisi turubai tuliacha, tunasubiri udongo wenyewe ugande, tunashindilia theluji, halafu tunamwaga maji kidogokidogo, tabaka jembamba, ligande, urudi tena, na hapo inatakiwa baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi. Uwanja wa mita 18 kwa 30 ukiuwekea milimita 5 tu ni lita 2,700, na ni mtu anayetembeza mpira huo wote kwa miguu maji yasituame mahali pamoja. Theluji ikianguka iondolewe usiku huohuo, maana ni blanketi, baridi haipenyi na barafu haineneki. Na siku za baridi ya kweli zinapungua jamani, hata ule mfereji wa Rideau kule Ottawa, Kanada, ambao ukiganda watu huteleza juu yake kilomita 7.8, msimu wa 2022 hadi 2023 haukufunguliwa kabisa kwa kuteleza. Usiku mmoja mzuri ukipotea umepotea.

Halafu kuna hawa wanaoingia na mabuti moja kwa moja kutoka barabarani. Soli imebeba kokoto na chumvi, kokoto inaharibu makali ya viatu vya kuteleza, chumvi inakula barafu. Hata jani moja likiachwa linavuta jua, saa sita mchana limeshajichimbia shimo lenye umbo lake mpaka vijishipa vinaonekana. Na vijana wakubwa na magongo yao ya hoki wanachukua uwanja mzima, wadogo wanabaki wameshika mbao wanatazama.

Picha yenu ilionyesha watu wanakata utepe. Sina ubaya nao, ila uwanja unataka watu sita, wawili wawili kwa zamu, saa tatu usiku wapo bombani, majina yabandikwe mlangoni. Na asifungue mtu yeyote mpaka patobolewe matundu matano, pembe zote nne na katikati, kwa keekee yenye alama ya sentimita 8, tundu moja likitoa maji kabla ya alama basi kamba ya kuzuia watu mlangoni inabaki. Keekee ninayo, alama nimeshaichora kwa rangi nyekundu, na zamu ya usiku wa kwanza niandikeni mimi.

Msomaji wenu wa siku nyingi