Kofia Uliyoificha Begini

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila mvua imeturoweshea karafuu tulizoanika, na baba yako goti lake ni lile lile. Dada yako amenisomea ujumbe wako wa suti. Nimesikia yote, pamoja na yale aliyotaka kuyaruka.

Unataka 200,000 za suti na viatu. Siku ya kueleza kazi yenu mbele ya darasa ulikaa nyuma, ukamwachia mwenzio aseme, na kazi uliiandika wewe. Na Ijumaa unakwenda msikitini kichwa wazi, kofia imo begini chini ya vitabu, kwa sababu kuna kijana hapo bwenini alikuita "ustadhi" akacheka.

Sitakwambia nguo si kitu. Wanaosema hivyo aghalabu nguo wanazo. Dada yako, na masomo yake ya nafsi, ananieleza kuwa mwaka 2012 wataalamu wawili huko Marekani walitoa utafiti wao: waliwavisha watu koti jeupe, na walioambiwa kuwa ni la daktari wakawa makini zaidi kuliko walioambiwa koti lile lile ni la mchora picha. Wengine waliporudia jaribio baadaye, jibu halikutoka vile. Mimi nikamwambia hakukuwa na haja ya kwenda Marekani. Mwite bibi yako asubuhi yumo katika kanga yake ya jikoni, halafu mwite jioni keshaoga, kajifukiza udi, katia kikuba cha maua kichwani, usikilize kama itakayokuitikia ni sauti moja.

Lakini nguo hiyo hiyo inayokunyanyua huweza kukufunga. Kabla hujazaliwa nilialikwa harusi Unguja, Mkunazini. Nikaona haya kwenda na gauni langu, nikaazima la jirani, la kung'aa, vito tele kifuani. Kwapani kubwa, miguuni fupi. Tukalibana kwa pini saba. Usiku kucha sikunyanyua mkono. Biriani likapita, sharbati ikapita, wenzangu wanainuka kwenda kutunza waimbaji, mimi nimebana mbavu kama mtu mwenye kichomi. Pini moja ikafunguka, nikakaa nayo inanidunga mpaka saa nane za usiku. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi haikunisitiri hata kwapa. Picha ipo. Usimwombe dada yako akutumie.

Basi suti ya kuchukuliwa juu juu, kwa kuwa fulani anayo, naiona kama gauni lile. Fundi wetu hapa sokoni anasema kiuno atakipunguza, mikono ataifupisha, lakini bega likishakuangukia ni kulifumua shati zima, na mafundi wengi hawataki kazi hiyo. Kwa hiyo ukienda kwenye mitumba anzia begani. Mshono wa bega ukae pale pale mfupa unapoishia. Rangi utaitazama baadaye, na lebo usiitazame kabisa.

Sasa kofia.

Niliianza Mfunguo Mosi, mwezi ule baada ya Ramadhani, nikaimaliza Mfunguo Tatu, kila siku baada ya alasiri, pale barazani unapopajua. Ni vitambaa viwili vya bafta vimelazwa pamoja. Kila kiua natoboa kwa sindano nene, kisha nakizungushia uzi, nakaza, nazungusha, mpaka mdomo wa tundu unakuwa mgumu kama kifungo. Siku ikienda vizuri napata mstari mmoja. Upande wa kushoto, kwa nyuma, kuna kiua kimoja kimepinda. Umeme ulikatika nikaendelea kwa taa ya simu, na asubuhi nilipokiona sikukifumua. Mtu mmoja kutoka mjini alinitajia 80,000 hata sijaunga juu na ukuta wake. Nikamwambia ina mwenyewe.

Na kuna jambo sikuwahi kukaa nikakusimulia, labda kwa kuwa hata mimi nililisikia nusu nusu. Babu yake bibi yangu alichuma karafuu katika shamba la mtu, na yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu huyo huyo. Nguo ya mtumwa ilikuwa kaniki, kile kitambaa cheusi, au kipande cha merikani, pamba isiyotiwa rangi, cha kujifunga kiunoni. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Mtumwa hakuruhusiwa kuvivaa. Ilipotoka amri ya 1897, watumwa wa Unguja na Pemba wakapata njia ya kudai uhuru wao, na wengi waliopata uhuru walikimbilia nguo kabla ya mambo mengine. Wanawake wakaacha kaniki wakajifunga kanga za rangi, wanaume wakavaa kanzu na kofia. Bibi alikuwa akisema babu yake hakutoka nje bila kofia hata kwenda kufunga mbuzi. Mimi mdogo nilidhani ni mambo ya wazee tu.

Huyo aliyekuita ustadhi hayajui haya, na huna deni la kumweleza. Wala sikulazimishi uingie nayo darasani. Darasani vaa shati na suruali kama wenzio. Mimi kilichoniuma ni ule uvungu wa vitabu.

Pesa za suti situmi. Fundi amekushonea suruali moja nyeusi kwa kipimo cha ile uliyoiacha, nikamwambia aongeze kidogo kiunoni kwani nasikia chipsi za huko umezizoea. Mashati mawili nimeyachagua mwenyewe kwenye mitumba, moja jeupe, moja la buluu, nimeyafua na kuyafukiza, kwa hiyo ukifungua mzigo bwenini watu watauliza. Viatu vyako vyeusi vipeleke kwa fundi avipige soli na rangi, bado vina miaka. Halafu siku moja kabla ya kusimama tena mbele ya darasa, vaa nguo hizo, nenda nazo dukani, kaa, chuchumaa, nyanyua mkono juu kama unayeandika ubaoni. Shati lisipochomoka, lala usingizi.

Kofia ikichafuka usiifikiche wala usiitie kwenye mashine. Iloweke, isuuze, itie wanga mwepesi, kisha ivalishe kwenye faruma, kile kibao cha umbo la kichwa, ikauke. Najua faruma huna. Lile bakuli la plastiki la buluu linaenea. Nilikupima nalo kichwa ukiwa umelala, usiku ule kabla hujaondoka.

Mzigo unatoka Mkoani kwa boti ya Jumamosi, mjomba wako ataupokea Unguja na kuusukuma mpaka huko Dodoma. Ukifika nipigie wewe mwenyewe, si kupitia kwa dada yako, unambie mabega yamekaaje.

Mama yako