Zile seti nyepesi nazo umezilipia

Malalamiko haya hayakosi kila mwezi. Mteja analipia saa moja ya mwalimu wa mazoezi hapa jimu kwetu, akimaliza anakuja kaunta amekunja uso: "Saa nzima nimelipia, robo saa yote nanyanyua chuma kitupu. Si nimepigwa hapa?" Juzi kaka mmoja aliongeza kwamba jimu ya mtaani kwao unalipa kidogo mlangoni, unapakia sahani za uzito, unaanza kazi, hakuna longolongo. Tulimsikiliza mpaka mwisho. Hela hatukumrudishia, na tumeona tuandike ili wengine wenye dukuduku kama lake wajue kwa nini.

Tuanze na bei maana ndiyo inayouma. Sisi si wa bei ya chini na hatujawahi kujitangaza hivyo. Mwalimu wetu anasimama na mtu mmoja, na daftari mkononi, siyo watu sita huku anachati. Na kazi yake kubwa iko hapohapo kwenye seti za kupasha mwili, ile mizunguko ya kunyanyua kilo ndogo unayoiona ya kupoteza muda. Ukiwa na kilo 40 mabegani anaangalia kisigino kinanyanyuka, goti linaingia ndani, nyonga moja inatangulia nyingine. Makosa hayo yanarekebishika chuma kikiwa chepesi. Ukishakuwa na kilo 120 hakuna wa kukurekebisha, hapo ni kuomba Mungu tu.

Huyo kaka skwati yake ya siku ile, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, ilikuwa kilo 120, mara tano tano. Tulimpitisha hivi: chuma kitupu cha kilo 20, bila sahani, mara kumi, seti mbili. Kisha kilo 60, mara tano. Kilo 80, mara tatu. Kilo 100, mara mbili. Kilo 110, mara moja tu. Kilo zinapanda, idadi inashuka. Mwanzoni huhitaji kupumzika zaidi ya muda wa kubadilisha sahani, ila kabla ya ile 120 unakaa dakika mbili tatu pumzi irudi. Ukitoka kwenye chuma kitupu ukarukia 120, mwili unapokea mzigo ambao haujauonja, na seti ya kwanza inakuwa mbovu kuliko ya pili. Wengi wanadhani hiyo ni kawaida, kumbe seti yao ya kwanza ndiyo inayofanya kazi ya kupasha, tena kwa bei kali.

Wapo pia wa upande wa pili. Huyu anapiga mara kumi kumi kwa kila uzito, au anakimbia nusu saa kwenye mashine, akifika kwenye kilo zake miguu imeshalegea. Halafu anasema programu yetu haimpandishi.

Misuli ikiwa na joto inajikaza upesi na kulegea upesi, neva zinapeleka amri kwa kasi zaidi, na ute wa kwenye maungio unalainisha vizuri. Hilo joto linapatikana kwa dakika tano mpaka kumi za baiskeli au kamba. Baada ya hapo ndipo unapiga skwati bila mzigo, unarusha miguu mbele na nyuma, unazungusha mabega, unavuta mkanda wa mpira. Kule kukaa chini umeshika vidole vya miguu dakika nzima bila kuachia, kuweke mwishoni. Msuli ulionyooshwa hivyo kwa muda mrefu hupungua nguvu kwa kitambo, na wewe nguvu ndiyo unayoitaka muda huohuo.

Sasa kuna hoja ya Dar: "Joto lote hili, mwalimu, si nimeshapashika?" Mtu katoka Mbagala amekaa kwenye daladala, foleni ya kufa mtu, shati limelowa. Jasho hilo ni mwili unajipoza. Nyonga zimekunjwa safari nzima na mgongo umekuwa duara. Tunakubali kwamba hapa dakika tano za baiskeli zinatosha, wakati aliyeko Njombe mwezi wa saba atahitaji nyingi zaidi. Lakini seti za kupanda taratibu hazifutwi na hali ya hewa.

Njia ya mkato inayotukera kuliko zote ni dawa ya kuchua. Mtu anajipaka bega na kifua kizima, jimu nzima inanuka mentholi, anajihisi moto, anaingia benchi kulala na kusukuma chuma kutoka kifuani. Ile mentholi inadanganya neva za kwenye ngozi. Msuli mkubwa wa kifua ulioko chini yake uko vilevile. Kuna mteja mmoja alifanya hivyo mwalimu wake akiwa na mtu mwingine. Alijipaka, akapakia kilo 90 moja kwa moja, mara ya tatu chuma kinashuka mkono wa kushoto ukaachia. Waliokuwa kwenye benchi ya pembeni walisikia kitu kama kitambaa kinachanika. Bahati kulikuwa na mtu wa kudaka. Kifua kiligeuka zambarau mpaka kwapani, na ikabidi alipie vipimo, daktari, na mazoezi ya tiba ambayo kwa siku moja yanazidi ada yetu ya wiki. Kisha akaomba tumsogezee mbele mwezi aliokwisha kuulipia. Tulimsogezea kwa ubinadamu, lakini mkataba hautulazimishi, na hiyo tunaisema wazi mapema.

Na kuna usumbufu wake mwingine. Dawa inabaki viganjani, inahamia kwenye chuma, anayefuata anavuta dedilifti, yaani kuinua chuma kutoka sakafuni, kinamteleza. Kijana wetu wa usafi anapitisha kitambaa chenye spiriti kwenye vyuma kila jioni, na siku nyingine kitambaa kinatoka na mafuta kama kimefuta sufuria ya maandazi.

Wa alfajiri wana habari yao. Usiku ukiwa umelala, diski za uti wa mgongo zinavuta maji na kujaa, hivyo kuinama na mzigo katika saa ya kwanza baada ya kuamka kunauelemea mgongo zaidi. Tuna mzee mmoja anatoka swala ya alfajiri, anatembea mpaka kwetu, anapita kwa vijana wanaomwamkia, na hagusi chuma cha dedilifti mpaka amalize zamu yake ya kuvuta mpira na kusukuma kifua. Vijana wa ofisini wanaotakiwa kuwa Posta saa mbili ndio wanaotaka kuanza na dedilifti wakiwa bado na usingizi.

Hata wanyanyuaji wa Olimpiki, nyuma ya jukwaa kuna chumba cha kupasha chenye vyuma vyake. Kocha anahesabu majaribio mangapi yamebaki kabla ya mtu wake kuitwa, ili seti ya mwisho ya kupasha isiwahi sana wala isichelewe. Hao kila jaribio ni kunyanyua mara moja tu, na bado wanapanda ngazi kwa ngazi.

Kwa hiyo mpango wetu ni huu kuanzia mwezi ujao. Anayetaka saa yake ijae vyuma aje dakika kumi na tano kabla; baiskeli, kamba na mipira ni bure na kaunta haitamwandikia chochote. Saa ya mwalimu itaanza kuhesabiwa kwenye chuma kitupu. Anayechelewa, mwalimu atapunguza seti za kazi, zile za kilo nzito, za kupasha hatazigusa, na bei inabaki ileile. Jambo moja dogo pia: chuma kilichoko kwenye reki ya karibu na kioo ni cha kilo 15, siyo 20. Ukikipigia hesabu za 20, namba za kwenye daftari lako zitakuwa za uongo kwa kilo tano.