Umeshatia Sahihi? Barua ya Wazi kwa Vijana wa Chama Chetu

South B, Nairobi

Wanangu wa chama chetu,

Nawasalimu nyote pamoja na wake na waume zenu, na watoto ambao baadhi yao nawajua kwa sauti tu, kwa kuwa huwasikia wakilia nyuma yenu tunapokutana kwa njia ya simu. Mlinifanya mlezi wa chama hiki cha watu wa kompyuta kwa sababu, kama mlivyosema siku ile, mimi ndiye mzee pekee mnayemjua aliyekuwa akiandika programu kabla ninyi hamjazaliwa. Sifa hiyo ni ndogo, lakini leo naitumia kuwaomba masikio yenu.

Katika mkutano uliopita watu wanne kati ya kumi na mmoja walitangaza kwamba wamebadilisha mwajiri tangu mwaka uanze, na chumba kizima kikapiga makofi. Nami nilipiga. Kisha mke wa mmoja wenu, aliyekuwa akimimina chai, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye aliipata habari hiyo kwenye LinkedIn pamoja na watu wengine wote. Mlicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa kuwa mwaka 1994 nilitenda kosa lilo hilo, na mke wangu aliipata habari yangu mahali pabaya zaidi.

Wakati huo nilikuwa katika idara ya kompyuta ya kampuni moja ya katikati ya jiji. Tuliandika programu kwa COBOL, lugha ya kompyuta ya enzi hizo, kazi zikaendeshwa usiku, na asubuhi tukakuta marundo ya karatasi zenye matundu kandokando. Waajiri wenye mashine za aina hiyo walikuwa wa kuhesabika: mabenki, kampuni za bima, idara kadhaa za serikali na mashirika machache makubwa. Mtu akihama, wenzake walimsema kana kwamba ameasi. Nikapata barua ya kazi nyingine, mshahara ukiupita ule wa awali kwa theluthi moja, nikaitia sahihi papo hapo nikiwa ofisini kwao, kisha nikaamua kumshtukiza mke wangu kwa habari hiyo njema mwezi ukiisha. Alikuwa na mimba ya miezi minane.

Bima ya matibabu ya kazi ya zamani ilikatika siku yangu ya mwisho. Bima ya kazi mpya ilikuwapo, tena nzuri, ila haikugharamia uzazi mpaka mfanyakazi amalize muda wa majaribio. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika ukurasa wa tatu, ambao sikuusoma. Mke wangu aliambiwa na karani wa mapokezi hospitalini, akiwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja na kadi isiyofanya kazi kwa mkono wa pili. Deni hilo lililipwa na kaka yake, aliyeuza ng'ombe wawili wa maziwa, na mimi nikapewa mtoto wangu nikiwa sina uso wa kumtazama shemeji. Mtoto alizaliwa salama na leo naye ni mzazi. Lakini kwa miaka mingi, kila nilipoingia nyumbani nikasema nina habari njema, mke wangu aliniuliza swali moja kabla ya kuketi: "Umeshatia sahihi?"

Sisemi msihame. Najua wazee wenzangu huwaambia msiache mbachao kwa msala upitao, nami methali hiyo naiheshimu, ila nimeiona ikitumiwa kuwafunga watu katika kazi ambazo mbachao wenyewe ulikwisha kuoza. Mimi mwenyewe nilihama mara nne, na mara tatu kati ya hizo nilifanya vyema. Tena dunia yenu si ile yangu. Tangu nyaya za intaneti za baharini zifike Mombasa mwaka 2009, na vijana waanze kukusanyika iHub, kile kituo cha wabunifu wa teknolojia pale Ngong Road, mwaka uliofuata, ujuzi wenu umepata soko ambalo sisi hatukuliota, na si haki kumtaka kijana akae mahali pamoja miaka thelathini akingoja saa ya ukutani na chakula cha jioni cha kumuaga. Ninalolisema ni hili: mwajiri huajiri mtu mmoja, lakini wanaohama ni nyumba nzima, na barua ya ajira inapaswa kuwekwa mezani nyumbani ikiwa bado haina sahihi.

Mkiiweka mezani, anzeni na saa, ndipo mje kwenye shilingi. Mmoja wenu anaishi Kitengela na alikuwa akifanya kazi Mombasa Road. Sasa ameajiriwa Westlands na ameongezewa mshahara. Ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ingemsaidia, lakini nimeambiwa kwamba ada ya kila siku kwenda na kurudi inamuuma, hivyo anapita chini pamoja na matatu, na anafika nyumbani mtoto akiwa amelala. Alipopiga hesabu ya nyongeza alihesabu kodi, akahesabu petroli, akasahau kuhesabu kwamba mtoto wa miaka mitatu hulala saa mbili usiku. Mkewe asingesahau, kwa sababu yeye ndiye anayemlaza.

Wengine wawili wanafanyia kazi kampuni za Marekani bila kuondoka Kilimani na Ruaka. Hao foleni haiwahusu, na nilidhani wamepata dawa ya kila kitu mpaka nilipoketi na mmoja wao jioni moja. Saa tatu asubuhi ya San Francisco, watu wa huko wanapoanza mikutano yao, hapa Nairobi ni saa moja jioni katika miezi yao ya joto. Wakirudisha saa zao nyuma mwezi Novemba, inakuwa saa mbili usiku. Kwa hiyo mkutano unaangukia chakula cha jioni sehemu kubwa ya mwaka, na miezi inayobaki unaangukia kazi za shule za watoto na sala. Kijana huyo yuko nyumbani kutwa kucha, na binti yake anamchora akiwa na vipokea sauti masikioni kana kwamba ni sehemu ya kichwa chake. Niliuona mchoro huo kwenye jokofu lao.

Kwa kuwa nimewataja hao wa dola, niongeze jambo ambalo halisemwi mikutanoni. Mikataba mingi ya aina hiyo huwaita wakandarasi huru, na mkandarasi huru hana likizo ya kulipwa, hana siku za ugonjwa, wala hakuna anayemkatia mchango wa NSSF, ule mfuko wa uzeeni, asipojipelekea mwenyewe. Basi katika zile dola mmelipwa pia mapumziko yenu, maradhi yenu na uzee wenu, kwa mkupuo, na zikiisha zote kwa kodi ya nyumba mtakuwa mmekula vitu vitatu ambavyo havijafika. Mwenye kazi hiyo na aifanye, lakini mwenzi wake ajue hesabu hii, maana atakayemuuguza ni yeye.

Sasa nije kwenye muda wa majaribio, mahali nilipojikwaa mimi. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu muda huo usizidi miezi sita, na unaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita mfanyakazi mwenyewe akikubali. Katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 7. Aliyethibitishwa na anayelipwa kwa mwezi ana siku 28 kwa uchache, na wengi wenu mikataba yenu inawapa zaidi. Kwa hiyo anayehama, hata akipandishwa cheo, ameacha ardhi ya siku 28 akasimama juu ya ardhi ya siku 7, naye ndio wakati huohuo anapohamisha watoto shule, anapohamia nyumba ya kodi ya juu na kuweka amana ya gari. Nawasihi nyumba isubiri. Mtoto abaki shule aliyoizoea mpaka barua ya kuthibitishwa itoke, hata kama basi la shule litapita njia ndefu.

Ulizeni kuhusu bima kabla ya kuuliza kuhusu kipakatalishi watakachowapa. Makato ya asilimia 2.75 ya bima ya afya ya serikali, SHA, yaliyochukua nafasi ya yale ya NHIF mwezi Oktoba 2024, yanakatwa kwa mwajiri huyu na kwa yule. Bima ya kampuni haivuki nawe. Ulizeni inaanza tarehe gani, inawataja nani, inasemaje kuhusu uzazi, na inasemaje kuhusu ugonjwa ambao mtu tayari anao. Yule kati yenu ambaye mtoto wake ana pumu aliuliza maswali haya yote kwa barua pepe, akaogopa kwamba wataona anawasumbua, na wao wakamjibu aya kwa aya siku hiyohiyo. Mwajiri anayeudhika kwa swali la namna hiyo amekwisha kukujibu.

Likizo nayo inanisumbua, kwa sababu naiona ikipotea bila mtu kuiba. Sheria inampa mfanyakazi siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 aliyotumikia. Ukihama, zile zilizosalia hulipwa fedha, na kwa mwajiri mpya unaanza sifuri. Aliyehama Septemba, Desemba ikifika ana siku tano na robo, na mama yake kule mashambani alikuwa ameshapanga mbuzi wa kuchinjwa tarehe gani. Ukifanya hivyo kila baada ya mwaka na miezi miwili, utajikuta umeuza mapumziko yako yote ya ujana, kipande kwa kipande, na hukuwahi hata kukaa chini ukauliza bei. Wale wenye waume na wake watumishi wa kaunti au walimu wana shida zaidi, kwa kuwa likizo za wenzao zina tarehe zisizosogea. Pangeni wiki moja, au mbili, katikati ya kazi ya zamani na mpya, isiyo ya mtu yeyote ila ya nyumba yenu. Waajiri wengi hukubali wakiombwa mapema. Mimi sikuwahi kuomba. Nilimaliza Ijumaa na kuanza Jumatatu, mara zote nne, nikijiona shujaa.

Kwa akina baba: wiki zenu mbili za mtoto kuzaliwa, zenye malipo kamili, zimo katika sheria hiyohiyo ya 2007. Sisi hatukuwa nazo. Nawaona baadhi yenu mkirudi kazini siku ya tatu mkijisifu kwamba mfumo ungeanguka bila ninyi, na nawaambia kwa upole kwamba nimeshuhudia mifumo mingi ikianguka watu wote wakiwapo. Kwa akina mama wa chama hiki, ambao ni watatu tu, na hilo nalo tutalizungumza siku yake: miezi mitatu ni yenu, na hamna deni la shukrani kwa yeyote kwa kuichukua.

Mambo ya mikopo nitayapitia haraka, maana mweka hazina wetu anayajua kunishinda. Mmedhaminiana katika chama cha akiba na mikopo, na marejesho yanakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Mshahara ukihama makato hayahami wenyewe. Mwezi wa kwanza usipolipa, anayepigiwa simu ni mdhamini wako aliyeketi karibu nawe hapa, na urafiki wa miaka unaingia doa kwa sababu ya fomu moja. Wenye mikopo nafuu ya wafanyakazi wa benki wasome kifungu kinachosema riba itakuwa ngapi siku watakapoondoka. Na kumbukeni kuchukua P9, ile fomu ya mshahara na kodi ya mwaka, kutoka kwa waajiri wote wawili, kwani tarehe 30 Juni KRA, watoza kodi, wataitaka hesabu ya mwaka mzima.

Kuhusu mwajiri wa zamani anayeongeza dau siku unapoleta barua ya kuacha kazi, sina mengi. Ikiwa fedha hizo zilikuwapo muda wote, ni vyema ujiulize kwa nini zilisubiri uondoke.

Liko neno moja ambalo sikulisema mkutanoni kwa kumstahi mmoja wenu. Wapo miongoni mwenu wanaohama kwa sababu nyumbani pamekuwa pazito, na kazi mpya ina sifa ya kumpa mtu udhuru wa kuchelewa kwa miezi sita bila kuulizwa. Nalijua hilo kwa kuwa kuhama kwangu kwa tatu kulikuwa kwa namna hiyo. Nilimwambia mke wangu safari hiyo, nikaweka barua mezani kabla ya kuitia sahihi kama nilivyojifunza, naye akaisoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, akairudisha, akaniuliza ni kitu gani nilichokuwa nakikimbia. Sikuwa na jibu usiku ule. Nilikwenda nikaitia sahihi hata hivyo, na ule ndio uhamaji mmoja kati ya minne ninaoujutia.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutakutana kwangu saa nane mchana. Naomba kila mwenye mwenzi aje naye, na wanne wale waje na barua zao za ajira, hata kama zimekwisha kutiwa sahihi, tuzisome ukurasa wa tatu kwa pamoja. Mke wangu amekubali kuwaonyesha barua yangu ya 1994. Ameitunza yeye miaka yote hii, ndani ya faili la vyeti vya watoto. Nyuma yake ameandika kwa kalamu nyekundu bei ya ng'ombe wawili.

Ni mimi mlezi wenu.